Rydeen au Technopolis? Wimbo wa kuanza nao kwa Yellow Magic Orchestra

Tarehe 11 Januari 2023 alifariki Yukihiro Takahashi, mpiga dramu na mwimbaji wa Yellow Magic Orchestra. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 28 Machi, akafuata Ryuichi Sakamoto, mpiga kinanda. Kati ya watatu walioanzisha kundi hilo Tokyo mwaka 1978 amebaki Haruomi Hosono, mpiga besi, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri na ndiye aliyewaita wenzake. Tangu mwaka ule wa misiba miwili, watu wangu wa karibu wananiuliza swali lilelile: hawa Wajapani unaowasifia kila siku, nianze na wimbo upi?

Wana haki ya kuuliza. Ukiandika jina la kundi kwenye simu unaletewa mamia ya nyimbo, matamasha, marudio na matoleo yaliyosafishwa upya, na juu kabisa imekaa "Rydeen". Mtu anaisikiliza, anaipenda, anasema haya, nimewajua. Bado hajawajua. Kundi hili lilikuwa na watunzi watatu wasiofanana hata kidogo, na karibu kila kibao chao kikubwa kina mwenzake wa umri uleule aliyekaa kando yake, mara nyingi kazi ya mkono mwingine. Ndiyo maana sipendi kumtajia mtu wimbo mmoja. Namwekea nyimbo mbilimbili, azisikilize siku moja, kisha achague.

Rydeen na Technopolis

Hapa ndipo penye ubishi wenyewe. Zote mbili zimo kwenye Solid State Survivor, albamu ya Septemba 1979, ile yenye jalada la wanaume watatu waliovaa suti nyekundu wakicheza mahjong na masanamu ya duka la nguo. Suti zile alizibuni Takahashi. Albamu ilipita nakala milioni moja Japani, na mwaka 1980 ikapewa tuzo ya albamu bora katika Japan Record Awards. "Technopolis" ilitoka kama singo Oktoba 1979, "Rydeen" ikafuata Juni 1980. Zote zina mdundo wa disko, zote zinabebwa na sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, na zote ni karibu ala tupu. Ukizisikia kwa mbali, kwenye redio ya jirani, utadhani ni za mtu mmoja.

"Technopolis" ni ya Sakamoto, na Sakamoto alikuwa msomi. Alisoma utunzi wa muziki katika chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo. Alipotaka kutunga kibao, alikaa akachambua nyimbo za Pink Lady, wasichana wawili waliokuwa wakitamba Japani wakati huo, ili ajue kibao kinajengwaje, kisha akajenga cha kwake. Ukisikiliza ukiwa unajua hilo, utasikia fundi akiwa kazini: kila kipande kinaingia pale sikio linapokihitaji, ufunguo wa muziki unageuka bila kukushtua, na ukidhani wimbo umefika mwisho wa uwezo wake unafunguka tena. Neno utakaloondoka nalo ni moja tu, Tokio, na anayelisema ni Sakamoto mwenyewe kupitia vokoda, mtambo unaoibadilisha sauti ya mtu ikatoka kama ya chuma kilichojifunza kusema.

"Rydeen" imezaliwa kwa njia nyingine. Takahashi aliivumisha melodi kwa mdomo, Sakamoto akaidaka na kuiandika kwa nota. Habari hiyo ndiyo inayoueleza wimbo mzima. Melodi iliyoanzia puani na kooni mwa mtu ndiyo inayokaa kooni mwa watu wengine. Sikiliza mara moja tu na kesho asubuhi utaipiga mluzi ukichota maji. Jina linatokana na Raiden Tameemon, mwanamieleka wa sumo wa zama za Edo, na Hosono ndiye aliyesogeza tahajia ifanane na jina la katuni moja ya roboti. Katikati ya wimbo kuna mlio wa farasi wakikimbia, kwato zao zikiwa zimetengenezwa kwa sinthesaiza, na milio kama ya mishale ya mwanga inarushwa pande zote. Mwaka 1982 Sega wakaiweka melodi hii kwenye mashine yao ya mchezo wa treni, Super Locomotive, na watoto waliokuwa hawajawahi kununua santuri wakaijua.

Nyuma ya nyimbo zote mbili yupo mtu wa nne ambaye hayupo kwenye jalada: Hideki Matsutake, mwanafunzi wa Isao Tomita, gwiji wa sinthesaiza wa Japani, aliyeendesha kompyuta ya muziki ya Roland MC-8. Inafaa kujua kazi yake ilikuwaje, kwa sababu leo kijana anayetengeneza biti kwenye simu anavuta noti kwa kidole. MC-8 haikuwa na kinanda cha kupiga. Matsutake alikuwa na vitufe vya namba kama vya kikokotoo. Noti moja ilihitaji namba ya kimo chake, namba ya muda wa kufika noti inayofuata, na namba ya muda itakaolia kabla ya kukatwa. Akimaliza hiyo, anaanza nyingine. Ule mstari wa chini wa "Technopolis" unaotetema kama cherehani, kila mpigo wake uliingizwa kwa namba.

Juu ya mashine hiyo Takahashi alipiga dramu za kweli. Jukwaani alivaa hedifoni zilizompa mlio wa kuhesabu ambao watu ukumbini hawakuusikia, na yeye akaketi juu ya huo mlio bila kuteleza. Weka hedifoni na wewe, achana na melodi, fuata mkono wake wa kulia kwenye sahani za dramu. Mashine iko palepale kila mara. Yeye pia yuko palepale, ila kuna uzito kidogo katika mpigo wa pili na wa nne ambao ni wa mkono wa mtu. Nilipoligundua hilo nilirudia "Rydeen" mara tano bila kuinuka.

Uchaguzi wangu sasa. Kama unamwekea mtoto, au watu wamejaa sebuleni, au una spika ya simu tu, weka "Rydeen". Melodi yake iko juu na haihitaji besi kubwa ili isikike. "Technopolis" kwenye simu inapoteza nusu ya mwili. Iweke kwenye sabufa, na uipe mwezi mzima. Mimi nilianza na ya Takahashi kama wengi, lakini ninayoirudia hadi leo ni ya Sakamoto.

Firecracker na Tong Poo

Hapa tunarudi nyuma mwaka mmoja, kwenye albamu ya kwanza ya Novemba 1978 iliyobeba jina la kundi. Ndipo wazo lenyewe lilipozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

"Firecracker" haikutungwa na wao. Ni ya Martin Denny, mpiga piano Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Honolulu, na ilitoka mwaka 1959. Denny alijulikana kwa muziki wa kuwapa Wamarekani ndoto ya Asia na visiwa vya Pasifiki wakiwa wamekaa kwenye makochi yao: marimba, kengele, watu wakiiga milio ya ndege. Asia hiyo haikuwahi kuwepo popote. Hosono aliupenda muziki huo kwa dhati, na Februari 1978 aliwaita Sakamoto na Takahashi nyumbani kwake, akawaandalia matonge ya wali, akafungua daftari. Lilikuwa limeandikwa mpango: Firecracker ya Denny, ipigwe kwa sinthesaiza, iwe disko, iuzwe nakala milioni nne duniani.

Fikiria wazo hilo lilivyo zito. Mmarekani ameiga Asia ya kubuni. Sasa Wajapani watatu wanamwiga huyo anayewaiga, tena kwa kompyuta, chombo ambacho dunia ilikuwa imeanza kukihusisha na Japani. Hata jina la kundi limeuchukua umanjano ambao Wazungu waliwapaka watu wa Mashariki na kuuvaa mbele za watu. Kila ukisikia ile melodi ya "Kichina" ya Denny ikitoka kwenye mashine zao, iliyonyooka na safi, utaona wanamrudishia mwenyewe picha yake.

Na picha ilirudi kweli. Nchi za Magharibi singo ilitolewa kwa jina la "Computer Game", ikianza na milio ya mashine za michezo ya mtaani kabla ya "Firecracker" kuingia. Mwaka 1980 ilifika nafasi ya 17 Uingereza na ya 60 Marekani. Mwaka huohuo wakapanda jukwaa la Soul Train, kipindi cha muziki cha Wamarekani weusi, na kuwapigia wacheza dansi wa pale. Miaka 21 baadaye kipande cha "Firecracker" kikasikika ndani ya "I'm Real" ya Jennifer Lopez, mwaka 2001. Angalia usikosee toleo: lile la pamoja na Ja Rule, ambalo ndilo lililopigwa sana kwenye daladala, lina muziki mwingine kabisa. Tafuta lile la kwanza, analoimba peke yake.

"Tong Poo" inafungua upande wa pili wa santuri hiyohiyo. Mtunzi ni Sakamoto. Jina ni la Kichina, upepo wa mashariki, na limetoka kwenye filamu ya Jean-Luc Godard, kama yalivyotoka majina ya "La Femme Chinoise" na "Mad Pierrot" yanayofuata baadaye. "Firecracker" imejaa utani wa kiwango cha juu. "Tong Poo" haina utani hata chembe. Inaanza kwa sinthesaiza zinazozunguka haraka, melodi inaingia kama kwaya ya shule inayotembea kwa hatua, halafu katikati kila kitu kinapungua na kubaki kama mtu anayetazama mbali. Besi ya Hosono chini yake ni funk tupu, na hiyo besi ndiyo inayouzuia wimbo kuruka ukapotea hewani. Kama umekulia kwenye taarabu utajikuta nyumbani haraka kuliko unavyotarajia: ni melodi ndefu ya ala inayopigwa na wote kwa pamoja, yenye mapindo yake, isiyo na haraka ya kufika kwenye kiitikio.

Kati ya hizi mbili mimi nachagua "Tong Poo" bila kusitasita. "Firecracker" inafurahisha zaidi ukishaijua hadithi yake. "Tong Poo" haihitaji hadithi.

Ukiichagua, unakutana na uchaguzi wa pili: ipi? Albamu ilichanganywa upya na Al Schmitt kwa ajili ya soko la Marekani mwaka 1979, na kwenye "Tong Poo" ya huko imeongezwa sauti ya mwimbaji Minako Yoshida. Sauti yake ni nzuri, lakini inakaa palepale ambapo melodi inataka kupumua. Anza na ya Kijapani. Baada ya hapo nenda kwenye matamasha. Public Pressure ya 1980, iliyoshika namba moja Japani, imetokana na ziara ya ng'ambo ya mwaka 1979, ila gitaa la Kazumi Watanabe liliondolewa kwa sababu kampuni yake ya santuri haikutoa ruhusa, na Sakamoto akaziba mapengo kwa sinthesaiza. Mwaka 1991 ikatoka Faker Holic, ziara ileile, gitaa likiwa limerudishwa. Public Pressure inang'aa kama gari jipya. Faker Holic ina jasho: unamsikia Watanabe akifukuzana na kompyuta isiyochoka, na Akiko Yano kwenye vinanda akiwachochea wote. Kwa "Tong Poo" ya jukwaani, chukua Faker Holic.

Behind the Mask na ndugu zake wa Marekani na Uingereza

Pacha wa wimbo huu hayumo kwenye albamu zao. Yako matoleo ya wengine, na ulinganisho huu utamfaa hasa msomaji asiyependa ala tupu.

Sakamoto aliutunga muziki wake kwanza kwa ajili ya tangazo la saa za Seiko. Kisha ukatiwa maneno ya Kiingereza na mshairi Chris Mosdell, Mwingereza aliyeishi Tokyo, na ukaingia kwenye Solid State Survivor. Toleo la kundi lina kordi chache nzito za sinthesaiza zinazorudi na kurudi, mdundo wa kati, na mwimbaji aliyefichwa kabisa ndani ya vokoda. Maneno yanazungumzia kinyago, na huyo anayeyasema hana uso. Umbo na maana vimekuwa kitu kimoja.

Mtayarishaji wa muziki Quincy Jones aliusikia, na Michael Jackson akaurekodi enzi za Thriller akiongeza maneno yake. Makubaliano ya malipo hayakufikiwa, ukawekwa kabatini, na watu wa kawaida hawakuusikia hadi Desemba 2010 kwenye albamu Michael, mwaka mmoja na nusu baada ya kifo chake. Katikati ya miaka ya 1980 Greg Phillinganes, mpiga kinanda wa Jackson, aliutoa kwa sauti yake, na baada ya hapo Eric Clapton, ambaye Phillinganes alikuwa akimpigia, akauweka kwenye albamu August ya mwaka 1986. Singo ya Clapton ilifika nafasi ya 15 Uingereza mwanzoni mwa 1987.

Sikiliza tatu kwa mfuatano: kundi, Jackson, Clapton. Kwa Jackson kinyago kinakuwa cha mwanamke anayemdanganya mwanamume, kwa hiyo sasa ni wimbo wa mapenzi, na kuna joto, kuna makofi, kuna kupaa kwa sauti. Kama unataka kucheza, huo ndio wako na sitakulaumu. Clapton kaufanya roki ya kawaida ya miaka ile, na hapo ndipo utakapoona nguvu ya zile kordi, maana hata huko hazikuvunjika. Lakini baridi ya toleo la 1979 haipo popote pengine. Mtu anayesikiliza muziki usiku, taa zimezimwa, ataelewa ninachosema. Huu ndio wimbo wa kumpa rafiki anayesema hapendi muziki wa kompyuta.

Ndani ya albamu hiyohiyo msipite bila kusimama kwenye "Absolute Ego Dance" ya Hosono. Amechukua mwendo wa ngoma za Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na vigelegele vyake vya kuitikiana, akavitia kwenye mashine. Mwili wa mtu wa pwani unaujua mwendo huo kabla akili haijaukubali. "Day Tripper", wimbo wa Beatles waliourudia, uache kwa siku nyingine.

Cue na 1000 Knives

Ukifika hapa tambua kwamba umeingia nyumba nyingine. Baada ya umaarufu ule, kundi lilitoa albamu ya BGM Machi 1981. Mtu aliyetarajia "Rydeen" ya pili alikutana na muziki mzito wa rangi ya kijivu. Ndani ya studio Hosono na Sakamoto walikuwa hawaelewani vizuri, na nyimbo hizi mbili zinakuonyesha mpasuko ulipopita.

"Cue" ni ya Hosono na Takahashi. Sakamoto karibu hayumo. Takahashi anaimba kwa sauti yake wazi, ya mtu aliyechoka kujificha, juu ya mdundo unaotembea bila kupanda wala kushuka. Kwenye matamasha ya mwaka huo Takahashi alisimama mbele aimbe, na aliyekaa kwenye dramu akampigia alikuwa Sakamoto, aliyekuwa mbali na wimbo huo ulipotungwa. Picha hiyo hainitoki: msomi wa piano anashika vijiti na kumshikia mwenzake mwendo.

"1000 Knives" ni ya Sakamoto, ameileta kutoka albamu yake binafsi ya mwaka 1978. Kitu cha kusikiliza ni dramu. Ni Roland TR-808, mashine iliyotoka mwaka 1980, na kundi hili lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipandisha jukwaani, katika matamasha ya Desemba mwaka huohuo kwenye Budokan, ukumbi mkubwa wa Tokyo. Yale makofi makavu unayoyasikia ndiyo yaliyokuja kusikika mwaka 1982 kwa Afrika Bambaataa na Marvin Gaye, na ile besi ya 808 inayotikisa vioo vya bajaji leo imetoka kwenye kisanduku hichohicho. Mtengeneza biti yeyote aanze hapa, aache yote niliyoyasema juu.

Wasio na kazi ya biti wachague "Cue". Mimi naiona ndiyo utunzi wao bora wa kuimbwa, na nasema hivyo nikijua wengi watanipinga.

Novemba mwaka huohuo walitoa Technodelic, iliyojengwa kwa sampuli za sauti kutoka mtambo uliotengenezwa na mhandisi wa Toshiba-EMI. Humo chukua "Taiso", yaani mazoezi ya viungo. Ni kama yale mazoezi ya asubuhi ambayo redio ya Japani imekuwa ikiyatangaza tangu 1928: piano, na mtu anatoa amri kwa kipaza sauti.

Kimi ni Mune Kyun na Ongaku

Mwaka 1983 waliamua kufanya jambo ambalo mashabiki wa BGM walilipokea kwa shida: kuimba nyimbo za mapenzi zenye kiitikio, wakitabasamu. "Kimi ni Mune Kyun" ilitoka Machi kwa ajili ya kampeni ya vipodozi vya Kanebo, ikafika nafasi ya pili Japani. Maneno ni ya Takashi Matsumoto, aliyekuwa na Hosono kwenye kundi la Happy End zamani. Kyun ni tanakali ya sauti, ile hali ya kifua kubana ghafla ukimwona mtu. Sisi tunasema moyo ulinipiga paa, ila paa yetu ina hofu ndani yake. Kyun ni tamu, kama mtu kakufinya kidogo akakimbia. Kwenye video, wanaume watatu wenye zaidi ya miaka 30 wanacheza kwa hatua za wasichana wa televisheni, na wanacheza kwa moyo wote.

"Ongaku", maana yake muziki, imo kwenye albamu ya Mei mwaka huo, Naughty Boys. Sakamoto aliitunga kwa ajili ya binti yake Miu, aliyezaliwa mwaka 1980. Baba amefungua kitabu cha ramani, na huo ni muziki. Mtoto anapanda juu ya piano, na huo pia ni muziki. Ni hivyo tu. Mwanafunzi wa Pink Lady, mtu wa Godard na vokoda, hapa anaandika kile anachokiona sebuleni kwake.

Kwa sherehe weka ya kwanza. Kwa mtu mwenye mtoto mdogo ndani ya nyumba ni "Ongaku", na asiiweke kwa sauti kubwa. Desemba 1983 walifanya matamasha yao ya mwisho katika ukumbi wa Budokan, wakatawanyika. Neno walilolitumia wao lilikuwa hilohilo, kutawanyika. Walikataa kusema wamevunjika, na kweli walirudi kukutana mara kadhaa, ikiwemo Tokyo Dome mwaka 1993.

Nimebakiza jozi moja, na hii naiwekea watu ambao wameshasikiliza yote hayo. Septemba 2022, akiwa anaumwa saratani, Sakamoto aliingia studio 509 ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, na piano moja. Mwanawe Neo Sora alimrekodi kwa picha nyeusi na nyeupe, na filamu ikaitwa Opus. Kuna vipande 20, na viwili vimetoka kwenye kundi hili. Kimoja ni wimbo wa "Happy End" (si lile kundi la zamani la Hosono), ambao kwenye BGM melodi yake imezama ndani ya moshi wa mashine kiasi kwamba unaikisia tu. Kwenye piano imetoka nje, nzima.

Kingine ni "Tong Poo". Weka kwanza ile ya 1978, dakika sita, dramu za Takahashi na besi ya Hosono. Kisha weka ya 2022. Mwendo umeshuka, noti zile ambazo zilikuwa zikizunguka kwa kasi sasa zinahesabika moja moja, na kati ya noti na noti unasikia kiti na pumzi ya mpigaji. Mikono ni ileile. Pale katikati, ambapo mwaka 1978 kila kitu kilipungua na kubaki kama mtu anayetazama mbali, anasimama kwa muda mrefu zaidi kidogo, halafu anaendelea.